Vioo Vinavyosomwa kwa Sikio: Madirisha ya Fairford na Suala la Wasiojua Kusoma



Tangazo la mhadhara huu lilipobandikwa ubaoni, mwanafunzi wangu mmoja alinijia ofisini akaniuliza, kwa adabu zote, kama hapakuwa na kosa la uchapaji. Mhadhara ni wa taaluma za Kiswahili, alisema, na mada ni madirisha ya kanisa moja la Uingereza. Tena mhadhiri mwenyewe alilelewa Pangani, katika chuo cha Kurani. Nilimjibu kwamba kosa hakuna, na kwamba akifika atasikia. Ninamwona yupo safu ya tatu. Ahsante kwa kuja.

Hoja yangu nitaitaja mapema, ili asiyeikubali apate muda wa kujiandaa. Upo usemi uliozoeleka mno katika historia ya sanaa kwamba picha za makanisani, na hasa picha za vioo vya rangi, zilikuwa vitabu vya watu wasiojua kusoma. Nimekuja kudai kuwa usemi huo una kasoro, na kwamba kasoro yake inatuhusu sisi tunaoshughulika na lugha kuliko inavyowahusu wanahistoria wa sanaa. Ni kasoro ile ile tuliyoitenda, na mimi nimo, tulipowatazama wazee wetu wenyewe na karatasi zao.

Fairford ni mji mdogo wa jimbo la Gloucestershire, kando ya mto Coln, katika nchi ya vilima vya Cotswolds iliyotajirika kwa sufu ya kondoo. Mwishoni mwa karne ya 15 mfanyabiashara wa sufu aitwaye John Tame alianza kulijenga upya kanisa la parokia la Mtakatifu Maria. Alifariki mwaka 1500, na kazi ikaendelezwa na mwanawe Edmund. Takriban kati ya mwaka 1500 na 1517 kanisa hilo lilitiwa madirisha 28 ya vioo vya rangi, na yote 28 yapo hadi leo. Hakuna kanisa jingine la parokia katika Uingereza nzima lililohifadhi seti ya enzi hiyo inayokaribia ukamilifu huo. Wataalamu wengi huinasibisha kazi hii na karakana ya Barnard Flower, fundi vioo wa Mfalme Henry VII, mgeni aliyetoka ng'ambo ya mlango wa bahari. Flower alifariki mwaka 1517, akiwa ameanza pia kazi ya madirisha ya kanisa la King's College, Cambridge.

Kabla ya kusonga mbele, inafaa tujue dirisha la namna hii hutengenezwaje, kwani wengi hudhani kuwa ni kioo cheupe kilichopakwa rangi. Sivyo. Rangi kubwa zimo ndani ya kioo chenyewe: madini huchanganywa na kioo kikiwa uji wa moto, kobalti ikatoa buluu, shaba ikatoa nyekundu. Nyekundu hiyo ikiwa nene hugeuka kuwa karibu nyeusi, kwa hiyo mafundi waliitandaza kama ngozi nyembamba juu ya kioo kisicho na rangi. Manjano ina siri yake: kuanzia mwanzoni mwa karne ya 14 mafundi wa Ulaya Magharibi walipaka mchanganyiko wenye fedha nyuma ya kioo, wakakirudisha tanurini, nacho kikatoka na rangi ya dhahabu. Kilichopakwa kwa brashi ni nyuso tu, mikunjo ya nguo, vivuli na herufi, kwa rangi nyeusi au ya kahawia iliyotengenezwa kwa unga wa kioo na chuma, kisha ikachomwa ili ishikamane. Vipande hukatwa kwa kufuata mchoro uliolazwa mezani, huunganishwa kwa mikanda ya risasi, na mkusanyiko wote hushikizwa kwenye vyuma vya dirisha. Kwa hiyo mistari mnene tunayoiona katika picha ni gundi na kalamu kwa wakati mmoja.

Msamiati wetu wenyewe unavutia hapa. Kiswahili kina neno moja, kioo, kwa kitu unachokitazama ukajiona na kwa kitu unachokitazama ukaona kilicho upande wa pili. Kioo cha rangi ni cha tatu: hukitazami upate kujiona wala kuona nje; unatazama nuru yenyewe inapopita. Nilipokuwa mtoto nilivijua vipande vya namna hiyo juu ya milango ya nyumba kubwa za Unguja, vyekundu na vya kijani, visivyo na picha yoyote, na kazi yao ilikuwa kutupaka rangi miguuni tulipopita barazani. Labda ndiyo sababu nilipoingia Fairford kwa mara ya kwanza, mwaka 1989, nikiwa mwanafunzi wa uzamivu mwenye koti la kuazima, nilitazama sakafu kwanza.

Nilikuwa nimesoma kijitabu kilichoniambia kuwa madirisha haya ni Biblia ya maskini. Nikajisemea: vyema, mimi Kiingereza ninakijua, Kilatini kidogo, Ukristo ninaujua kwa mbali, nitakuwa yule maskini. Nilianza upande niliodhani ndio mwanzo. Kwa muda wa saa nzima sikuelewa kitu. Niliona wazee wenye ndevu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akizungukwa na utepe mweupe wenye maandishi. Ndipo mzee mmoja aliyekuwa akipanga vitabu vya nyimbo alipotambua kuwa nimepotea. Hakunieleza picha. Alisimama mbele ya mzee wa kwanza, akaanza kusema kwa sauti, kwa Kilatini cha matamshi ya Kiingereza, na kila alipomaliza sentensi alisogea hatua moja. Alikuwa akiisema Kanuni ya Imani. Wazee wale ni mitume kumi na wawili, katika madirisha matatu ya ubavu wa kusini, wanne kwa kila dirisha, na kila mtume ameshika sentensi yake. Petro ndiye wa kwanza, kwa sababu ndiye anayeanza kusema kwamba anaamini.

Msingi wa kihistoria wa usemi tunaoujadili ni barua. Karibu na mwaka 600 Papa Gregori wa Kwanza alimwandikia Serenus, askofu wa Marseille, aliyekuwa amevunja picha za kanisani mwake kwa kuhofia zisiabudiwe. Gregori alimkemea, akitoa hoja kwamba kile ambacho maandishi humpa msomaji, picha humpa asiyejua kusoma. Hoja hiyo ilinukuliwa karne baada ya karne mpaka ikawa kama kanuni. Ni katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 tu ndipo wanahistoria walipoanza kuidadisi kwa makini: Lawrence Duggan aliiuliza waziwazi mwaka 1989, na Madeline Caviness akaiuliza mwaka 1992 kuhusu vioo vya rangi hasa. Swali lao lilikuwa jepesi. Mtu asiyeijua hadithi hupataje kuisoma katika picha? Jibu ni kwamba hapati. Picha humkumbusha anayejua. Haimfundishi asiyejua chochote.

Nakubaliana nao, ila wao walishughulika zaidi na picha, na mimi kazi yangu ni lugha, basi nitaongeza jambo. Fairford imejaa maandishi. Mkabala na mitume, katika ubavu wa kaskazini, wapo manabii kumi na wawili, nao kila mmoja ana utepe wake wa Kilatini, wenye maneno ya utabiri yanayoelekea sentensi ya mtume aliye upande wa pili. Nabii Daudi yumo miongoni mwao, na nakiri nilifurahi kukutana na mtu ninayemfahamu. Nyuma yao wapo Wainjilisti wanne upande mmoja na Mababa wanne wa Kanisa upande mwingine, yaani watu walioandika. Kama madirisha haya yalikusudiwa kuwa badala ya maandishi kwa wasioweza kusoma, fundi alihangaika nini kuchora mamia ya herufi juu ya kioo, nyingi zikiwa na vifupisho ambavyo hata msomi huvikodolea macho?

Fikirini mkazi wa Fairford wa mwaka 1520, mfuma nguo au mchunga kondoo. Herufi hazijui. Lakini tangu karne ya 13 Kanisa la Uingereza liliwataka mapadri wawafundishe waumini mambo machache ya lazima, na Kanuni ya Imani ndiyo iliyotangulia; na pamoja na sala ya Baba Yetu na Salamu Maria, alitarajiwa kuijua kwa moyo, kwa Kilatini. Mtu huyo akisimama mbele ya Petro anajua Petro anasema nini kabla ya kuutazama utepe. Anapofika kwa mtume wa tano yupo kwenye sentensi ya tano. Nyayo zake ndizo tasbihi yake. Herufi zile hazisomi kwa jicho, ila anajua kuwa ni maneno, anajua ni maneno gani, na anajua mahali pake. Je, huyu ni asiyejua kusoma? Kwa kipimo cha sensa, ndiye. Mimi niliyekuwa na shahada mbili nilisimama pale pale na sikusoma kitu.

Hapa kila mtu aliyepita chuoni, namaanisha chuo cha Kurani, ameshaona ninakoelekea, lakini naomba subira kidogo, kwa sababu jengo lenyewe bado lina la kusema.

Madirisha ya Fairford yamepangwa kama hotuba. Mwanzo wake upo kaskazini, pembeni ya kikanisa cha Bikira Maria, kwa matukio manne ya Agano la Kale: Hawa na nyoka, Musa na kijiti kinachowaka, Gideoni na ngozi ya kondoo, Malkia wa Sheba mbele ya Sulemani. Haya hayakuchaguliwa kwa kuwa ni hadithi nzuri. Kila moja ni ishara ya jambo la Maria na mwanawe, kwa mfumo wa mifano uliotawala vitabu vya wakati huo, kama kile kilichoitwa kwa Kilatini *Biblia Pauperum*, ambacho licha ya jina lake hakuna maskini angeweza kukisoma bila mwalimu. Kutoka hapo simulizi huzunguka: kuzaliwa, mateso katika dirisha kubwa la mashariki, kufufuka, kupaa, hadi dirisha kubwa la magharibi lenye Hukumu ya Mwisho, ambalo mtu hulikabili anapogeuka kwenda nyumbani.

Madirisha ya juu, yaliyo karibu na paa, ndiyo yaliyonifurahisha zaidi. Upande wa kusini wamepangwa watakatifu na mashahidi wa dini, na malaika juu yao. Upande wa kaskazini watesi wa Kanisa, akina Herode na Yuda, na mashetani juu yao. Msikilizaji wa Dar es Salaam anahitaji kuelezwa kwa nini. Kwetu jua huvuka utosi. Miezi mingine adhuhuri hukaa kaskazini, mingine kusini, na wala hatuna upande wa nyumba unaonyimwa jua mwaka mzima. Uingereza ipo mbali mno kaskazini hata jua halifiki utosini kamwe, na mchana hukaa kusini daima. Ubavu wa kaskazini hupata mwanga wa mbingu tu, wa baridi. Kwa hiyo watesi wamewekwa mahali ambapo jua la adhuhuri haliwafikii, na watakatifu wakiangazwa nao huwamwagia rangi waovu walio mbele yao. Hili ni somo la sarufi bila neno hata moja: mahali penyewe ni mofimu.

Turudi kwenye maneno. Miongoni mwa sentensi za mitume ipo ile isemayo kwamba Kristo alishuka *ad inferna*, yaani mahali pa chini. Si mbali na hapo, upande wa mashariki, tukio lenyewe limechorwa: Kristo yupo langoni akiwatoa watu wa kale waliokuwa wakingoja. Na kule magharibi, sehemu ya chini ya Hukumu ya Mwisho, kuna mahali pengine pa chini: moto mwekundu, jitu lenye meno, waliohukumiwa wakibururwa, na shetani mmoja anayempeleka bibi kizee kwa toroli, jambo ambalo huwachekesha watoto wa shule na, nakiri, lilinichekesha mimi pia. Hizi ni sehemu mbili tofauti. Ya kwanza ni makao ya wafu wote, wema kwa wabaya. Ya pili ni mahali pa adhabu. Fundi vioo amezitofautisha kwa rangi, kwa watu, na kwa kuzitenga katika jengo.

Kiingereza hakikuzitofautisha. Neno *hell*, ambalo asili yake ni mahali palipofichika, lilikuwa kwanza makao ya wafu wote, kisha likameza maana ya adhabu, na tafsiri ya Biblia ya mwaka 1611 ikalitumia kwa Hadesi na kwa Gehena bila kubagua. Vizazi vya Waingereza vilisema Kanuni ya Imani vikashangaa Kristo alikwenda motoni kufanya nini. Wafasiri wa Kiswahili walikuwa na bahati, au tuseme lugha iliwabeba. Kiswahili kilikuwa tayari na kuzimu, neno la Kibantu lenye mzizi ule ule wa mzimu pamoja na kiambishi cha mahali ku-, yaani waliko wafu; na kilikuwa na jehanamu, lililokuja kwa njia ya Kiarabu, lenye moto ndani yake. Biblia ya Kiswahili ya Muungano ya mwaka 1952 huweka kuzimu kwa Hadesi na jehanum kwa Gehena. Kwa nukta hii Mswahili anayetazama madirisha ya Fairford husoma vizuri kuliko msomaji wa tafsiri ya 1611. Nilipomweleza mzee wa vitabu vya nyimbo habari hii, alikaa kitini.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo zito. Kama nilivyosema, kazi ya vioo ilikamilika takriban mwaka 1517. Mwaka 1538 amri za serikali ya Henry VIII ziliwataka mapadri wawasomee waumini Baba Yetu na Kanuni ya Imani kwa Kiingereza, sentensi baada ya sentensi, mpaka wazijue. Mwaka 1549 ibada nzima ikawa ya Kiingereza. Hesabuni: ni kama kizazi kimoja tu. Mtoto aliyebatizwa mwaka madirisha yalipomalizika alikuwa bado kijana pale ufunguo wa kuyasomea ulipobadilishwa. Sisemi kwamba kutumia lugha ya wenyewe kulikuwa kosa. Katika ukumbi huu siwezi kusema hivyo na nikatoka salama. Ninasema kwamba Petro alibaki na utepe wake wa Kilatini, na pole pole pakawa hakuna mtu mbele yake anayemwitikia. Mkazi yule yule, ambaye jana alikuwa msomaji, leo ameondolewa katika usomaji bila kupoteza hata jicho moja.

Picha nazo zilikuwa hatarini. Amri za Edward VI za mwaka 1547 zilitaka sanamu na picha ziharibiwe, na madirisha ya vioo yalitajwa kwa jina. Mwaka 1643 na 1644, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, William Dowsing alipita katika majimbo ya Suffolk na Cambridgeshire akivunja na kuandika katika shajara yake idadi ya alivyovunja. Fairford ilisalimika. Wenyeji husimulia kuwa vioo vilifichwa. Mimi huvutiwa zaidi na maelezo ya William Harrison, aliyeandika mwaka 1577 kwamba picha za madirishani zilivumiliwa kwa sababu vioo vipya vilikuwa ghali, zikaachwa zichakae zenyewe. Watu wanaopenda mashujaa hawapendi maelezo hayo. Ila kwa kawaida matini nyingi huokoka hivyo, kwa sababu kuziangamiza ni gharama.

Usomaji ulipokatika, uvumi ulijaza nafasi. Ilisemwa kwamba vioo vilitekwa baharini katika meli iliyokuwa safarini. Katika karne ya 19 ilidaiwa kuwa mchoraji ni Albrecht Dürer, na magazeti yakabishana. Kinachoonekana katika hadithi hizo ni kwamba watu waliacha kuuliza vioo vinasema nini, wakabaki kuuliza vimetoka wapi na vina thamani gani. J. G. Joyce, kasisi aliyechapisha kitabu kikubwa cha madirisha haya mwaka 1872, alianza kuturudisha kwenye swali la kwanza, na Hilary Wayment, katika kitabu chake cha mwaka 1984, akalifikisha mbali.

Upo uzi mmoja mwembamba unaotoka Fairford hadi kwetu. Mwaka 1792 alizaliwa katika mji huo John Keble, ambaye mahubiri yake ya Oxford ya mwaka 1833 huhesabiwa kuwa mwanzo wa vuguvugu lililotaka Kanisa la Uingereza lirejee katika ibada, alama na mapokeo ya kale. Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyoanzishwa baada ya hotuba ya Livingstone kule Cambridge mwaka 1857, ilichukua sehemu kubwa ya roho yake kutoka katika vuguvugu hilo. Ni misheni hiyo iliyomleta Unguja mwaka 1864 Edward Steere, ambaye kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka 1870 kimo katika maktaba zetu sote, na ambaye alijenga kanisa la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa. Uzi huu nisiuvute zaidi, utakatika. Nautaja kwa sababu Steere na wenzake walikuja na wazo lao la kusoma ni nini, na sisi tulilirithi pamoja na herufi.

Kwa wazo hilo, kusoma ni kugeuza alama kuwa sauti bila msaada. Anayeweza amesoma, asiyeweza hakusoma. Kipimo hicho kinafaa kwa herufi za Kirumi za Kiswahili, ambazo humwambia msomaji karibu kila kitu. Hakifai kwa maandishi tuliyokuwa nayo kabla yake. Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kile kilichoandikiwa nakala ya *Utendi wa Tambuka* ya mwaka 1728, hutumia irabu tatu kwa irabu zetu tano, hivyo kuku na koko huandikwa kwa namna moja. Mapokeo ya kale hayakuonyesha nazali iliyo kabla ya konsonanti, na p iliandikwa kwa alama ya b. Hivyo bibi na pembe huweza kukaa ndani ya umbo moja. Wageni wengi, na baadhi ya wataalamu wetu, wameuita mwandiko huo kuwa na upungufu. Ni upungufu ikiwa unamwandikia mtu ambaye hajapata kuisikia matini. Waandishi wale hawakuwa wakimwandikia mtu huyo. Walimwandikia aliyekwisha kusikia, kama fundi wa Fairford alivyomchorea aliyekwisha kukariri.

Naomba sasa niseme la nyumbani. Babu yangu aliacha mswada wa utenzi, kurasa 22, kwa mkono wake. Shangazi yangu, bintiye, hakujua herufi yoyote, ya Kiarabu wala ya Kirumi. Kila alipohesabiwa, alihesabiwa asiyejua kusoma. Lakini mswada huo ulikaa kwake, na usiku wa Ramadhani aliutoa sandukuni, akaufungua mapajani, akaughani, akifunua ukurasa palipostahili kufunuliwa. Mwaka 1986, nikiwa mhadhiri msaidizi, niliketi naye na kinasa sauti. Nilinasa upande mmoja wa kanda, nikaacha. Nilikuwa na sababu ya kitaalamu: niliona kuwa shangazi hasomi, anakumbuka tu, na kwamba matini ya kweli imo katika karatasi, ambayo ninayo na ninaweza kuinakili kwa wakati wangu. Nilimwambia hivyo pia, kwa maneno ya upole. Alifunga mswada akaniuliza kama nimekula.

Miaka mitatu baadaye nilisimama Fairford nikimsikiliza mzee asiyekuwa msomi wa Kilatini akiwasomesha mitume kwa hatua zake, na nikajua nilichokifanya. Niliporejea mwaka 1991 shangazi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Wapo waliokuwa na busara kuliko mimi. J. W. T. Allen alipokusanya miswada ya Kiswahili kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katalogi yake ya mwaka 1970 iliorodhesha miswada pamoja na kanda za sauti, zote katika orodha moja. Wanafunzi wangu huomba miswada. Ni wachache mno wanaouliza kanda. Ninawasihi, tena ninawasihi nikiwa na deni: aliye na bibi, shangazi au ami anayeghani kilichoandikwa na asichoweza kukifuata kwa kidole, amnase mpaka mwisho, na katika tasnifu yake amtaje kuwa msomaji, si mtoa taarifa.

Nilirudi Fairford mwaka 2014. Ukarabati mkubwa ulioanza mwaka 1988 chini ya fundi Keith Barley ulikuwa umekamilika mwaka 2010. Vioo vilishushwa dirisha baada ya dirisha, vipande vilivyokaa mahali pasipo pake vikapatiwa mahali pake, na nje pakawekwa kioo kingine cha kukinga mvua ili kile cha kale kisikutane tena na hali ya hewa. Kazi nzuri mno. Ila sehemu ya juu ya dirisha la magharibi, iliyoharibiwa na tufani kuu ya Novemba 1703 na kutengenezwa upya miaka ya 1860, bado hujitambulisha kwa mbali. Mnukuzi wake alikuwa stadi, lakini alinukuu lugha ambayo hakuisikia ikisemwa, na rangi zake zina lafudhi.

Nami nina tufani yangu. Kanda ya shangazi inaishia ukurasa wa tisa. Kuanzia hapo nimesahihisha mswada wa babu kwa miaka zaidi ya 30 kwa mizani, kwa vina, kwa kamusi na kwa kubahatisha. Ukurasa wa 14, ubeti wa tatu, lipo neno la silabi mbili, herufi ya b mara mbili na alama za i. Nalisoma bibi. Muktadha unakubali pia pembe.